YOKEBEDI HAKUMTUPA MTOTO

Leo naomba tupitie historia kidogo. Ni ndefu kuliko ujumbe wa kawaida, lakini vumilia, mwisho wake unatuhusu.

Mara kwa mara tunakutana na habari ile: mama ametupa mtoto. Jaa la taka, choo cha shimo, kando ya mto. Chini yake maoni ni yale yale: "Shetani huyo!" "Afungwe maisha!" Mimi pia nimewahi kuandika hivyo.

Sasa fungua Kutoka sura ya 2. Yokebedi alimficha mwanawe miezi mitatu, na aliposhindwa kumficha zaidi, alimpeleka mtoni. Tazama alivyofanya. Alichukua kisafina, akakipaka lami maji yasiingie, akakiweka kwenye majani ya ukingoni, na dada ya mtoto akasimama kwa mbali kuangalia. Huyu hakumtupa mtoto. Alimweka mahali ambapo angeweza kupatikana akiwa hai.

Ndiyo maana sheria iliyopitishwa Texas, Marekani, mwaka 1999 ilikuja kuitwa Sheria ya Mtoto Musa. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Inasema hivi: mzazi aliyelemewa anaweza kumkabidhi mtoto mchanga ambaye hajadhuriwa kwa wahudumu wa mahali palipotajwa, kama hospitali, kisha aondoke bila kulazimishwa kutaja jina. Serikali inamchukua mtoto na kumtafutia familia. Mwanzoni umri ulikuwa hadi siku 30, siku hizi Texas inaruhusu hadi siku 60. Kufikia 2008 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Lakini sheria isiyojulikana haiokoi mtu. Mwaka huo huo wa 1999, katika eneo la Houston, walihesabiwa watoto 13 waliotelekezwa ndani ya miezi 10. Ikabidi mabango yawekwe barabarani kuwaambia kina mama kwamba kuna mlango.

Wazo lenyewe ni la zamani sana. Ulaya, tangu karne za kati, baadhi ya hospitali za kanisa ziliweka gurudumu la mbao ukutani. Mama anamweka mtoto upande wa nje, analizungusha, anapiga kengele na kuondoka. Wa ndani hawamwoni. Huko London, nahodha mmoja aliyeitwa Thomas Coram alichoka kuona watoto wakifa kando ya barabara. Alihangaika miaka mingi hadi akapata kibali cha mfalme mwaka 1739, na mwaka 1741 nyumba yake ikaanza kupokea watoto. Walikuja wengi kuliko vitanda, hata kina mama wakawa wanachota mipira ya rangi kwenye mfuko. Mpira mweupe, mtoto anapokelewa. Mweusi, unarudi naye.

Kina mama wale waliacha kitu pamoja na mtoto: kipande cha kitambaa, sarafu iliyochorwa, kifungo. Kwa nini? Ili siku mambo yakinyooka waje kumtambua na kumchukua. Mpendwa, mtu anayetupa takataka haachi alama ya kuirudia.

Tuseme ukweli pia. Kupokea si kutunza. Kati ya 1756 na 1760 nyumba ile iliamriwa kupokea kila mtoto aliyeletwa. Waliingia karibu 15,000, na wengi wao wakafa. Na leo wako wanaouliza swali la haki: mtoto huyu akikua, atajuaje ametoka wapi? Ujerumani wamejaribu kulijibu. Tangu 2014 mama anaweza kujifungua hospitalini kwa siri, jina lake linafungwa kwenye bahasha, na mtoto akifika miaka 16 anaweza kuomba kulijua.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha Nebraska. Mwaka 2008 jimbo hilo lilipitisha sheria yake, lakini likaandika "mtoto" tu bila kutaja umri. Ndani ya miezi michache watoto zaidi ya 30 waliachwa hospitalini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mchanga. Wengi walikuwa wakubwa, hata wa miaka 17. Baba mmoja aliyefiwa na mkewe aliacha watoto tisa kwa siku moja. Wengine walisafirishwa kutoka majimbo ya mbali. Novemba bunge likaitwa haraka, likaweka kikomo cha siku 30. Sheria ikarekebishwa, lakini siri ilikuwa imetoka: ndani ya nyumba zilizoonekana salama kulikuwa na wazazi waliozidiwa, na hawakuwa na pa kusemea.

Hapo ndipo naingia mimi. Miaka mingi iliyopita nilikuwa kiongozi wa vijana katika kanisa moja. Desturi yetu ilikuwa binti akishika mimba nje ya ndoa anasimamishwa mbele ya ushirika, kisha anakalishwa kiti cha nyuma. Binti mmoja wa kwaya alificha yake chini ya leso hadi mwisho. Alijifungua usiku, peke yake. Asubuhi mama muuza maziwa akamkuta mtoto kando ya njia, hai. Tulimshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Mama yake tulimwita muuaji. Hakuna aliyeuliza alikuwa akimwogopa nani. Mimi nilijua. Alituona tukimfanyia mwenzake mwaka uliotangulia, na mimi ndiye niliyesoma jina.

Kenya hatuna sheria kama ya Texas. Kumtelekeza mtoto ni kosa, na sitakudanganya. Lakini mlango haujafungwa wote. Kama wewe au binti unayemjua amelemewa, piga 116, laini ya watoto, ni bure. Nenda kwa afisa wa watoto au hospitali kabla ya usiku ule kufika. Ukimkuta mtoto ameachwa, usianze na kumpiga picha. Mfunike, mpeleke hospitali, waite polisi.

Nawe mzee wa kanisa, mama mchungaji, kiongozi wa kwaya: binti wa kwenu akiwa na siri tumboni, je, nyumbani kwako anaweza kubisha usiku wa manane?

Bwana, utusamehe pale tulipokuwa Farao kwa mabinti zetu. Utufanye mlango. Amina.

Mtumie mtu mmoja ujumbe huu leo. Huenda ndiye anayeuhitaji.