Seva mpya za biashara: Kasulu na Kibondo, piga hesabu ya LUKU kwanza

Novemba 2022 AMD ilizindua prosesa za EPYC 9004 kwa ajili ya seva za makampuni. Kubwa yao siku hiyo, EPYC 9654, ina kori 96, yaani kama mafundi 96 ndani ya chipu moja, na seva moja inabeba chipu mbili.

Kwa mtu wa Kasulu au Kibondo swali ni umeme. Kila chipu imepangiwa wati 360. Mbili zikifanya kazi kwa nguvu zote usiku na mchana zinakula yuniti 17 kwa siku, hapo hujagusa feni, diski wala kiyoyozi. Na wilaya hizi zimeachana na majenereta ya dizeli na kuingia gridi ya Taifa 2022 tu. UPS ni lazima, yenye betri za kutosha kuizima seva taratibu, maana umeme ukikatika ghafla data inaweza kuharibika.

SACCOS au duka la jumla halihitaji dude hilo. Seva ndogo ya prosesa moja inatosha. Nakala za data ziweke mbali, mfano kwa kukodi nafasi kituo cha data cha NIDC, Kijitonyama, Dar es Salaam. Ila mfumo wote usiupeleke huko: intaneti ikikata, kaunta inasimama.