Ndege-Nyiririko na Ndege-Tanga

Mfasiri akutanapo na maneno ya Kijerumani Gleitflugzeug na Segelflugzeug, huenda akayapa yote mawili istilahi moja, "ndege isiyo na injini". Historia yatuonya tusifanye hivyo.

Baada ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, Ujerumani ilizuiwa kuunda ndege za injini. Vijana wa vyuo wakageukia mlima Wasserkuppe, ambako vyombo vya awali viliteremka tu hadi bondeni. Mwaka 1921 wanafunzi wa Hannover walileta Vampyr, iliyosanifiwa na Georg Madelung. Bawa lake, lenye mita 12.6 kutoka ncha hadi ncha, lilishikwa na boriti kuu moja. Sehemu ya mbele ilifunikwa kwa plaiwudi, ikawa kama bomba gumu lisilosokoteka. Hivyo halikuhitaji nguzo wala nyaya za nje, na ukinzani wa hewa ukapungua. Agosti 1922 Arthur Martens alikaa angani zaidi ya saa moja, na siku chache baadaye Friedrich Hentzen zaidi ya saa tatu, wakibebwa na upepo upandao kando ya mlima.

Chombo cha kwanza huteremka tu. Cha pili huutumia upepo kama jahazi litumiavyo tanga. Kwa sababu hiyo twapendekeza "ndege-nyiririko" kwa kile na "ndege-tanga" kwa hiki. Tukiviita kwa jina moja, msomaji hataelewa Vampyr ilileta jambo gani jipya.