Shosho Hakuwa "Amezeeka Tu"

Wasee, leo naanza na shosho wangu. Kabla hajanyamaza kabisa, alikuwa anaitisha chupa ya chai akisema, "Nipe ile kitu... ile ya chai." Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka. Kliniki wakamuuliza leo ni siku gani na rais ni nani. Akajibu vizuri, tukaambiwa ni uzee tu, turudi nyumbani. Hakuna mtu alimwonyesha picha ya ndovu amuulize, "Hii ni nini?"

Mimi niliacha chuo, si daktari. Lakini hiyo story ilinikaa, nikaanza kusoma.

Kumbe hii kitu ina historia ndefu. Mwaka 1892, kule Prague, daktari Arnold Pick aliandika kuhusu mzee wa miaka 71 aliyekuwa akipoteza lugha polepole, si ghafla kama mtu wa kiharusi. Alipokufa, ubongo wake ulikutwa umesinyaa, hasa upande wa kushoto.

1975, London, Elizabeth Warrington akaeleza watu watatu ambao wangeweza kuongea, lakini maana ya maneno na vitu ilikuwa inafutika. 1982, Marekani, Marsel Mesulam akaandika kuhusu wagonjwa sita: lugha inaisha, lakini akili kwingine iko sawa kwa miaka. Yaani lugha inaweza kutangulia kuondoka.

Halafu 2011, wataalamu wakiongozwa na Maria Luisa Gorno-Tempini wakakubaliana kuna aina tatu. Na hatua ya kwanza ya kuzitofautisha si mashine. Ni maswali.

Mwambie aeleze picha. Akipambana kutoa sauti na sentensi zinatoka vipande vipande, hiyo ni aina moja.

Muulize ndovu ni nini. Akiongea bila shida lakini akuulize, "Ndovu? Ndovu ndiyo nini?", hapo maana yenyewe ndiyo inaenda.

Mwambie arudie sentensi ndefu. Kama maana anaijua, ila maneno yanachelewa na sentensi inampotea katikati, hiyo ni ya tatu. Hii mara nyingi ina Alzheimer nyuma yake.

Sasa hapa ndipo nina neno. Maswali mengi ya aina hii yalitengenezwa kwa Kiingereza. Kuna lile la kusoma maneno kama "yacht", ambayo hayasomwi vile yameandikwa. Aliyepoteza maana hukwama hapo. Kiswahili je? Tunasoma kilivyoandikwa, kwa hivyo huo mtego haushiki mtu. Ukiamua kupima ngeli badala yake, chunga: mzee wa Eastlands akisema "vitabu zimeanguka", huyo si mgonjwa. Ndivyo tunaongea.

Na shosho? Kiswahili alikijulia sokoni. Lugha yake ya kwanza ni Kikuyu. Ungempima kwa gani?

Maoni yangu: tunahitaji maswali yaliyotengenezwa hapa, kwa lugha ambazo wazee wetu wanaota nazo. Kabla hayajafika, mzazi akianza kusema "ile kitu, ile kitu" kila siku, usicheke. Andika anakwama wapi: ni jina, ni maana, ama ni sentensi? Mpeleke hospitali na hiyo karatasi, na ukiambiwa ni uzee, uliza tena.

Sisi hatukuuliza.