Wafungwa wa Hola na Uaminifu wa Kiapo

Serikali ya kikoloni ya Kenya ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952 ili kuzima vita vya Mau Mau, ilijipa uwezo wa kuwaweka watu kizuizini, yaani kuwafunga bila kuwafikisha mahakamani, na katika miaka iliyofuata makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walipitishwa katika kambi kama Manyani, Mackinnon Road na Mwea. Humo walichujwa na kupangwa kwa rangi: "weupe" walihesabiwa kuwa hawana madhara, "kijivu" walidhaniwa kuwa wangeweza kugeuzwa, na "weusi" walikuwa wale walioshikilia kiapo cha kupigania ardhi na uhuru. Aliyetaka kurudishwa kwao alilazimika kukiri kiapo hicho, na mara nyingi kuwataja waliokula pamoja naye.

Kukiri kwa namna hiyo kulimhatarisha jirani au ndugu, na kwa sababu hiyo wengi walivumilia kipigo na njaa kuliko kutamka jina la mtu. Josiah Mwangi Kariuki, aliyekaa kizuizini kuanzia 1953 hadi 1960, alisimulia katika kitabu chake cha 1963 jinsi wafungwa walivyojiwekea viongozi wao wenyewe, wakafundishana kusoma na kupenyeza nje barua za malalamiko.

Kufikia 1959, waliohesabiwa kuwa wagumu kabisa walikuwa wamekusanywa Hola, kando ya Mto Tana, ambako walikataa kufanya kazi za kambi kwa hoja kwamba kazi ya lazima ni adhabu ya mhalifu, na wao hawakuwa wamehukumiwa na mahakama yoyote. Tarehe 3 Machi 1959, zaidi ya wanaume 80 walipelekwa kwa nguvu kwenye mradi wa umwagiliaji, na walipoendelea kukataa, askari waliwapiga kwa marungu hata 11 wakafa. Serikali ilidai kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji, lakini uchunguzi wa maiti ulithibitisha kwamba waliuawa kwa kipigo. Mnamo Julai mwaka huo mauaji hayo yalijadiliwa katika Bunge la Uingereza, ambako hata Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, aliilaumu serikali vikali, na mnamo Januari 1960 hali ya hatari iliondolewa.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo, na Uingereza haikutamka majuto yake rasmi kwa mateso ya kambi hizo hadi Juni 2013, ilipokubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228. Wanaume wa Hola hawakuwa na silaha yoyote isipokuwa kukataa kwao, na kukataa huko kuliufichua ukatili wa vizuizi mbele ya ulimwengu. Kwa hiyo wanastahili kufundishwa shuleni pamoja na wapiganaji wa msituni, wakiwa na hadhi ileile katika historia ya uhuru wa Kenya.