Kufuma kwa Mtande na Kufuma kwa Vitanzi: Kitenzi Kimoja, Kazi Mbili

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kusahihisha majibu ya wanafunzi katika somo la maarifa ya nyumbani. Swali mojawapo lilikuwa fupi: wataje vifaa vitumikavyo katika kufuma. Baadhi yao waliandika sindano mbili na uzi wa sufu. Wengine, ambao bila shaka walikuwa wamesoma habari za viwanda vya jadi katika somo la historia, waliandika kitanda cha mfumi, mtande na mshindio. Mwongozo wa kusahihishia ulikubali jibu la kwanza tu. Kundi la pili likakosa alama zote, na mimi niliyewanyima nilijua kwamba Kiswahili chao hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika swali, na nyuma ya swali lilikuwapo pengo katika istilahi zetu.

Makala hii inakusudia kueleza pengo hilo limetoka wapi, na kupendekeza namna ya kuliziba bila ya kwenda kukopa neno jipya ugenini.

Maana ya kwanza ya kitenzi hiki si ya kubahatisha. Kufuma ni kupitisha uzi mmoja kati ya nyuzi nyingine zilizotandwa, mpaka nguo ipatikane. Nyuzi zilizotandwa ni mtande. Uzi unaopita kati yake ni mshindio. Chombo chenyewe ni kitanda cha mfumi, na mtu afanyaye kazi hiyo ni mfumi. Lugha isiyoijua kazi haiwezi kuwa na jamaa ya maneno iliyokamilika namna hii. Na kweli kazi ilikuwapo. Wachimbuzi wa mambo ya kale huko Kilwa wamefukua vigae vya mviringo vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilikuwa uzito wa vijiti vya kusokotea uzi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza kwamba nguo za mji huo zilikuwa na sifa kubwa, na zilisafirishwa hata Misri.

Wazee wetu walikipa kila kitendo cha mkono neno lake. Mikeka na nywele husukwa, shanga hutungwa, na nguo iliyochanika hushonwa. Nakshi za uzi juu ya kitambaa hudariziwa. Kofia za viua, ambazo wanawake wa Unguja wamezishonea waume zao kwa siku nyingi za subira, haziitwi za kufuma, kwa sababu sindano hupita katika kitambaa ambacho tayari kimekwisha kuwa kitambaa. Katika mpangilio huo kila neno lilikaa mahali pake, wala fuma halikugombana na jingine.

Mambo yalibadilika katika karne ya 19. Nguo za India zilikuwa zimekwisha zoeleka pwani. Kisha, kuanzia miaka ya 1830, wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta kwa wingi kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Ufumaji wa nguo ukazidi kudhoofika. Bara, hususan Ufipa, wafumi waliendelea kwa muda mrefu zaidi. Lakini katika miji ya pwani, ambako Kiswahili kilikuwa kikisemwa kila siku, kitenzi fuma kilibaki kama mvuvi aliyebakiwa na nyavu baada ya mashua kuzama.

Kazi ya pili ilikuja kwa njia nyingine, nayo ina historia yake. Miongoni mwa vitu vya kale zaidi vilivyofumwa kwa sindano ambavyo vimehifadhiwa ni soksi za pamba za Misri, za kati ya karne ya 11 na ya 14. Zipo soksi za Misri zilizo za kale kuliko hizo, ambazo watu wengi walizidhani kuwa za kazi hiyo hiyo. Zilipochunguzwa zikaonekana kuwa zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, na uzi wake wote ukipitishwa katika kila kitanzi, hata zikivutwa hazifumuki. Msomaji na aiweke alama hiyo ya kufumuka, kwa maana tutairudia.

Kutoka nchi za Kiislamu kazi hiyo iliingia Ulaya. Katika kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275 na kuzikwa Burgos, Hispania, ulipatikana mto wa hariri uliofumwa kwa sindano, na ukingoni mwake limerudiwa kwa herufi za Kiarabu neno tusilohitaji kufasiriwa: baraka. Yapata mwaka 1400 mchoraji Bertram wa Hamburg alimchora Mariamu ameketi na sindano nne mkononi, akimalizia shingo ya shati dogo, na mtoto wake yuko kando yake. Mtafsiri akiandika chini ya picha hiyo kwamba Mariamu anamfumia mwanawe vazi, ameandika sawasawa. Hata hivyo msomaji ambaye hakuiona picha ana haki kamili ya kufikiri kwamba kuna kitanda cha mfumi.

Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufumia soksi, na tangu hapo kazi ya sindano ikawa na njia mbili: ya kiwandani na ya nyumbani. Vitu vya kiwandani vilitufikia sisi pamoja na majina yake. Soksi na sweta ni maneno ya Kiingereza yaliyovikwa kanzu ya Kiswahili. Sweta limetokana na neno la jasho, kwa kuwa vazi hilo lilivaliwa kwanza na wanamichezo waliotaka kutoka jasho. Kwetu limekuwa vazi la kujikinga na baridi ya Njombe na Limuru. Jezi limechukua jina la kisiwa cha Jersey, ambacho watu wake walisifika kwa ufumaji wa sindano, ingawa leo mtoto akilisikia hukumbuka mpira wa miguu.

Lakini ufundi wenyewe haukuja dukani. Ulifundishwa katika shule za misheni, na baadaye katika vyama vya akina mama. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa Kenya mwaka 1952, kilikuwa na mafunzo ya kushona na kufuma. Na vikundi vya namna hiyo vilikuwapo Tanganyika kabla na baada ya kuundwa kwa Umoja wa Wanawake mwaka 1962. Hapa pana jambo la kutazamwa vizuri na kila mwenye kushughulika na istilahi. Wanawake hao walipokea sindano ngeni, uzi mgeni, hata jina la vazi geni. Kitenzi hawakukipokea. Walikitwaa kitenzi kilichokuwa kimekaa bila kazi, wakakipa kazi mpya. Hakuna kamati iliyowaagiza wafanye hivyo.

Kitenzi hicho kiliwafaa zaidi kwa sababu ya mnyambuliko wake. Kazi ya sindano za nyumbani ni nadra kufanywa pasipo kumfikiria mtu fulani. Mama hafumi tu, humfumia mtoto. Bibi humfumia mjukuu. Marehemu mama yangu mkubwa alinifumia sweta nilipokuwa naondoka kwenda shule ya bweni katika nyanda za juu. Sindano zake zilikuwa spoki mbili za baiskeli alizozisugua ncha zake juu ya jiwe. Kipimo chake kilikuwa shubiri, nacho alikichukua mgongoni mwangu mara tatu, kila mara akiongeza kidogo, akisema kwamba sweta la mtoto hufumiwa mwili wa mwakani. Kwa kuwa nilikaa karibu naye nikiona, niliyasikia maneno ya kazi yake: alianzisha vitanzi, akaviongeza, akavipunguza penye kwapa, kisha akavifunga. Kitanzi kilichomponyoka alikiita mtoro, naye alirudi nyuma safu nzima kumfuata.

Miaka mitatu baadaye sweta lilinibana. Mama mkubwa akalikata uzi mmoja ukingoni, akavuta, na vazi zima likarudi kuwa donge la uzi mbele ya macho yangu. Akaongeza uzi wa rangi nyingine, akamfumia mdogo wangu. Niliona uchungu, nadhani nililia. Lakini siku hiyo ndipo nilipoielewa tofauti ambayo mwongozo wa mtihani haukuieleza.

Chukua khanga na fulana, vitu ambavyo havikosekani katika nyumba yoyote. Khanga imefumwa kwa mtande na mshindio: nyuzi za aina mbili zinakingamana, ndiyo maana haitanuki ikivutwa. Ukichomoa uzi mmoja, mwingine haukufuati. Fulana imefumwa kwa vitanzi: kila kitanzi kimepita ndani ya mwenzake, na vikivutwa hunyooka, ndiyo maana hutanuka na kuushika mwili. Sweta la mkono limejengwa vivyo hivyo, nalo kwa kawaida ni uzi mmoja tangu mwanzo hata mwisho wa donge. Kinachoshikwa na vitanzi hufumuka kwa kuvutwa. Kinachoshikwa na mtande hakifumuki hivyo. Fuma na fumua ni mtu na ndugu yake, na yule wa pili ndiye anayetuambia wa kwanza ni yupi.

Nimesikia wenzetu wakisema kwamba njia rahisi ni kulitohoa neno la Kiingereza la kazi ya sindano, ili fuma libaki kwa nguo za kitandani mwa mfumi peke yake. Sikubaliani nao. Kufanya hivyo ni kuwanyang'anya akina mama kitenzi walichokiokoa wao, na kuwaambia kwamba wanachokisema kila siku si sanifu. Tena neno hilo la kutoholewa litahitaji kuelezwa, na maelezo yatatumia fuma. Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, katika vitabu vya shule na tafsiri za kitaalamu, kufuma kwa mtande kutumike kwa nguo za mtande na mshindio, na kufuma kwa vitanzi kutumike kwa kazi ya sindano mbili au zaidi. Katika mazungumzo ya kawaida kufuma peke yake kunatosha.

Pili, kazi ya sindano moja yenye ncha ya ndoana, kama vitambaa vya kutandika mezani, iendelee kuitwa kroshia, kama inavyoitwa tayari.

Tatu, maneno ya hatua za kazi yachukuliwe kutoka kwa wafumaji: kitanzi, safu, kuanzisha, kuongeza, kupunguza, kufunga. Kabla ya kuunda neno jingine lolote, mtafsiri na aende kwanza akaketi na mfumaji mmoja kwa saa moja.

Nne, ichungwe tofauti ya sufu na sufi. Sufu ni manyoya ya kondoo, nalo ni neno la Kiarabu. Sufi ni pamba ya mti wa msufi, nayo hujazwa katika mito na magodoro. Nimeona maandishi yanayowaelekeza wanafunzi kununua uzi wa sufi. Wakifuata maelekezo hayo wataliacha duka la nyuzi na kwenda kwa mshona magodoro.

Swali lile la mtihani niliombwa baadaye kulitazama upya. Niliongeza maneno mawili tu, likasomeka: taja vifaa vitumikavyo katika kufuma kwa vitanzi. Katika majibu niliyoyasahihisha mwaka uliofuata, hakuna aliyetaja kitanda cha mfumi. Na mwanafunzi mmoja aliandika spoki za baiskeli. Nilimpa alama yake.