Einsiedeln, Mji wa Mahujaji, na Monasteri Yake

Jimbo liadhimishapo jubilei yapasa kuwakumbuka waliotutangulia, hata wale wa nchi za mbali ambao imani yao ilivuka bahari ikatufikia. Padre Andreas Amrhein, aliyeanzisha Wabenediktini wa St. Ottilien mwaka 1884, alikuwa mzaliwa wa Uswisi. Basi twataka kueleza habari za Einsiedeln, mji mkuu wa mahujaji katika nchi hiyo, na monasteri yake ya kale ya Mtakatifu Benedikto.

Jina la mji latokana na neno la Kijerumani la mkaa pweke. Mkaa pweke huyo ni Mtakatifu Meinrad, mmonaki wa Reichenau, aliyejitenga katika Msitu wa Giza yapata mwaka 835 ili asali na kufunga. Watu walimfuata hata huko, naye hakumfukuza mtu. Tarehe 21 Januari 861 walifika wageni wawili. Akawakaribisha, akawapa chakula na kinywaji, nao wakamwua wakidhani ana mali. Yasimuliwa kwamba kunguru wawili aliokuwa akiwalisha waliwafuata wauaji hata mjini Zurich, wakapiga kelele mpaka watu wale wakajulikana. Ndiyo sababu ngao ya monasteri ina kunguru wawili hata leo.

Mwaka 934 Eberhard, padre kutoka Strasbourg, aliwakusanya wakaa pweke wa mahali pale wawe jamaa moja chini ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, akawa abate wao wa kwanza. Mapokeo yasema kwamba mwaka 948, askofu alipotaka kukibariki kikanisa, aliambiwa usiku kwamba Kristo mwenyewe pamoja na malaika wamekwisha kukibariki. Sikukuu ya jambo hilo huadhimishwa kila tarehe 14 Septemba.

Mhujaji afikaye leo huona kwanza uwanja mpana, na katikati yake chemchemi ya Bikira Maria yenye mifereji 14. Desturi ya mahujaji ni kunywa maji ya kila mfereji. Nyuma yake lasimama kanisa lenye minara miwili, lililobarikiwa mwaka 1735. Ramani ya jengo ilichorwa na Bruda Caspar Moosbrugger, mmonaki wa pale pale. Ndani, karibu na mlango, kimo Kikanisa cha Neema cha mawe meusi, na humo yumo Bikira Maria na Mtoto wake, wote wawili weusi wa uso.

Wengi wetu tukisikia habari ya sanamu hiyo twafurahi, tukidhani aliyeichonga alitaka kuonyesha Mama mwenye rangi yetu. Sivyo. Ilichongwa katika karne ya 15, uso wake ukiwa wa rangi nyeupe, ukasawijika kwa moshi wa mishumaa na taa za waombaji. Mwaka 1799 fundi mmoja aliisafisha, rangi ya kwanza ikatokea. Lakini watu walikuwa wamemzoea Mama mweusi, naye akaipaka rangi nyeusi. Kwa hiyo weusi ule ni alama ya sala za watu wengi, vizazi kwa vizazi, na neno hilo latutosha.

Wala isidhaniwe kwamba mahali hapo pamekaa salama siku zote. Moto umepateketeza mara nyingi. Huldrych Zwingli, aliyekuwa padre hapo tangu 1516 hata 1518, alikwenda Zurich akageuza dini ya mji ule. Na kufika mwaka 1526 monasteri ilikuwa karibu tupu. Ludwig Blarer, mmonaki wa St. Gallen, akawekwa awe abate, akaanza upya. Tena mwaka 1798 askari wa Ufaransa waliingia wakakibomoa kikanisa. Lakini sanamu ya kweli ilikuwa imekwisha kufichwa, nao wakachukua nakala tu. Sanamu ilirudi mwaka 1803, na kikanisa kikajengwa tena. Kila siku baada ya Masifu ya jioni mamonaki huandamana mbele yake wakiimba Salamu Malkia, na desturi hiyo ni ya tangu karne ya 16.

Sisi nasi twajua maana ya kuanza upya. Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889, katika vita vya Bushiri na Wajerumani, misioni ilivamiwa, watawa watatu wakauawa. Hata hivyo ndugu zao walirudi, na mwaka 1898 Peramiho ikaanzishwa. Kuta huanguka na kujengwa. Bali pasipo watu wa kusali, hata kanisa zuri huwa nyumba tupu. Basi katika jubilei hii tusihesabu majengo tu. Tujiulize kama vijana wetu wangali wanakuja kusali jioni, na kama mgeni abishaye hodi hupokewa kama Meinrad alivyompokea.