Maji Mekundu Yaliyofika New York

Ukiniona nacheka, utajua nimetoka wapi. Meno yangu yana rangi ya chai kavu. Nilipoanza sekondari hapa Arusha mjini, wenzangu waliniita "Kutu". Basi nikajifunza kucheka mdomo umefungwa.

Meno haya ni ya Ngare Nanyuki. Jina ni la Kimaasai, maana yake maji mekundu. Ni kijito kinachotoka ubavu wa mashariki wa Mlima Meru, kikashuka kaskazini kwenye nyanda kavu. Mlima wetu una upendeleo, jamani! Kusini unagawa mvua na migomba, kaskazini unagawa vumbi. Huko asiye na mto hana shamba wala ng'ombe. Maji yenyewe yana floraidi nyingi, inayotoka kwenye miamba ya volkano, na ndiyo inayotupaka meno tungali watoto. Lakini ndiyo maji yaliyopo.

Nayo yaligombewa. Wajerumani waliwagawia walowezi ardhi kuzunguka mlima, wakiwemo Makaburu kutoka Afrika Kusini. Waingereza walipoingia, mambo yakawa yale yale. Ripoti ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza Wameru wa Ngare Nanyuki wahamishwe, ili walowezi wapate eneo moja lisilokatika. Novemba 1951 askari wakaja. Nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa. Watu wapatao 3,000 wakaambiwa waende Kingori, chini kwenye joto. Wengi waligoma, wakajibana kwa ndugu zao mlimani.

Halafu wakafanya jambo ambalo mkoloni hakulitegemea: walichanga pesa. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mashitaka yakapelekwa huko huko. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Hebu fikiria, mtu wa kijito ambacho wengi hawakijui, amesimama mbele ya mataifa akidai ardhi ya kwao!

Walishinda? Hapana. Katika Baraza Kuu waliowaunga mkono walikuwa wengi, lakini hawakufika theluthi mbili. Ila habari zilienea nchi nzima. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, watu walikwishajua kwamba mkoloni anaweza kushitakiwa.

Leo Ngare Nanyuki inalima nyanya na vitunguu kwa mifereji. Pengine kachumbari uliyokula jana ilinyweshwa na maji yale.

Wenzangu wenye kalamu, tunahangaika kutafuta visa vya Chicago na London, wakati hapa mlimani kila mfereji una kesi yake. Wazee waliochomewa nyumba wanazidi kupungua. Tukachelewa, tutabaki kuandika majina ya mito tu.

Mimi nimeanza. Na siku hizi nikicheka, nacheka meno yote nje.